Msiipake Rangi Landrova

Mjini Mpanda nina kibanda cha spea za mtumba, lakini watu wakinicheka hawanicheki kwa ajili ya spea. Wananicheka kwa sababu nanunua mikweche. Tena si mkweche unaokohoa mpaka ukafika sokoni. Nanunua ule uliokwisha kusimama, uliootewa na majani mpaka kwenye rejeta, ambao mwenye nyumba amezoea kuanika mihogo juu yake. Shemeji yangu mmoja aliwahi kuuliza mbele ya wageni kama ugonjwa huu una dawa. Nikamwambia dawa ipo, nayo ni yeye kunyamaza.

Wateja wangu wako Arusha na Dar es Salaam. Ni watu wenye pesa na wazimu wa aina yao, wanaotaka gari la zamani kama lilivyo: rangi yake ya kwanza hata kama imepauka, kiti chake kilichochanika, mkwaruzo wake wa porini. Mwanzoni niliwaona wamechanganyikiwa. Baadaye nikawa mmoja wao. Gari lililopakwa rangi upya linafanana na mengine yote yaliyopakwa rangi upya, lakini gari lililoachwa na ngozi yake linakuonyesha mwenyewe alikuwa anaweka kiwiko wapi, mlango upi ulifunguliwa zaidi, na alikuwa akigonga nini kila akirudi nyumbani na haraka zake.

Kuyapata kuna ujanja wake. Ukifika kijijini ukauliza, "Hapa kuna gari la zamani?" utajibiwa hakuna, na hawajakudanganya. Kwao lile si gari tena. Mimi nasalimia, nakaa, nakunywa maji, halafu nauliza kuku wao wanataga wapi. Kule Kasokola niliuliza hivyo nikapelekwa moja kwa moja kwenye buti la Pijo, ndani yake tetea anaatamia na kunitazama kwa jicho baya. Mkoa huu wa Katavi, gari likishindwa kubeba watu linabeba kuku, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo, maana kuku hawafungui boliti.

Adui yangu si kutu, wala si wale wanaozunguka na mizani wakinunua vyuma chakavu. Adui yangu ni adabu ya watu wa huku. Kitu hakitoki nyumbani kwa mtu kikiwa kichafu. Mbuzi akiuzwa anapigwa brashi, kiti kikiuzwa kinasuguliwa, na mgeni hakabidhiwi kitu kitakachowaaibisha waliomkabidhi. Hayo ni mema matupu, mpaka yafike kwenye gari.

Kule Mamba nililipata gari zuri sana kwa mkulima mmoja wa mpunga. Tukaelewana, nikarudi mjini kutafuta lori la kulibeba. Niliporudi nililikuta la kijani. Kijani kile cha milango ya zahanati, kilichopakwa kwa brashi, kikapita juu ya taa, juu ya vioo, juu ya matairi. Familia nzima ilikuwa imejipanga pembeni, wamevaa nguo za kanisani. "Mama, tumekupambia," mwenye gari aliniambia, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Mteja wangu wa Arusha nilipomtumia picha hakujibu, na mpaka leo hajajibu. Njiani kurudi Mpanda nililia, na sikulia kwa ajili ya mteja.

Kwa hiyo muelewe nilivyokuwa siku nilipoiona Landrova ya Ugalla. Mnunuzi mmoja wa asali ninayefahamiana naye alinitumia picha kwenye simu. Alikuwa anapiga picha ndoo zake za asali, na nyuma ya ndoo, kwa mbali, kuna pua ya gari. Nikaivuta ile picha kwa vidole mpaka ikavunjikavunjika, nikaona ni Landrova fupi, ile ya zamani kabisa ya vioo vya kusukuma pembeni. Rangi ya kijivu. Nikafunga kibanda saa hiyohiyo.

Mwenye gari alikuwa mama mjane, mtu mzima, wa familia zile zilizotoka Burundi zamani na sasa ni Watanzania kama mimi. Marehemu mume wake alikuwa katekista. Parokia ilipopata gari jipya ilimwachia hili la zamani, naye akalitumia kwa kila jambo: kupeleka komunyo kwa wagonjwa, kupeleka wajawazito hospitali, kupeleka majeneza makaburini. Alipofariki, gari likasogezwa chini ya paa la nyasi, na hapo likakaa. Mjane alinionyesha mlango wa dereva. Kijivu kilikuwa kimeisha chini ya dirisha, pale katekista alipokuwa akiegemeza mkono, na bati lilikuwa jeupe, laini, limesuguliwa na shati lake miaka na miaka.

Niliweka mkono wangu pale, na hapo nikajua kwamba hili siliuzi. Magari yote yale nimewatafutia watu wengine. Hili nililitaka mimi, na nililitaka na mkono wa yule mzee juu yake.

Tulielewana vizuri, nikalipa, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Nilimwambia ningerudi wiki inayofuata na fundi. "Mama, nakuomba kitu kimoja. Msiliguse."

"Ego, mwanangu," akakubali kwa Kirundi, akicheka. "Halitaguswa."

Nilipaswa kujua. Huku kwetu mgeni akisema "msijisumbue" ndipo jogoo anapokimbizwa uwanjani.

Siku mbili kabla ya safari, yule mtu wa asali akanipigia. "Dada, yule mama amekuthamini kweli. Mkwe wake nimemkuta dukani hapa Mpanda ananunua rangi. Bluu ya mafuta, tena ile nzuri."

Nilipiga simu ya mjane. Haipatikani. Nikapiga tena nikiwa navaa viatu. Haipatikani. Nikampigia fundi wangu, Msukuma mmoja mrefu mwenye maneno mengi kuliko spana, nikamwambia aje na betri, petroli, oili na vifaa vyake vyote. Akaanza kuniuliza kwa nini. Nikakata simu.

Kesho yake alfajiri kukipambazuka tuliondoka na kirikuu changu, kigari kidogo cha mizigo. Barabara ilikuwa na vumbi la kiangazi, na tulipoingia kwenye miyombo mbung'o wakatufuata kama tumewaalika. Fundi alikuwa anawapiga kwa kofia huku akinieleza habari za magari yaliyomfia mikononi, akiniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. "Mayu, hilo limekaa miaka mingi hivyo? Hilo limeshazikwa, limeshafanyiwa na matanga. Sisi tunakwenda kula ubwabwa." Nilimwambia akitaja msiba tena atashuka atembee.

Tulipofika uwanjani kwa mjane niliruka hata kabla kirikuu hakijasimama sawasawa. Na nilichoona nilikuwa nimekwisha kukiona kichwani njia nzima. Landrova ilikuwa imetolewa chini ya paa, imeoshwa, na mbele ya mlango wa dereva alichuchumaa kijana wa miaka thelathini hivi, brashi mkononi. Nusu ya chini ya mlango ilikuwa bluu. Brashi ilikuwa inapanda kuelekea dirishani.

"Acha!" Nadhani ng'ombe wa ng'ambo ya mto walisimama. "Acha, acha, weka chini hiyo takataka! Nani kakutuma? Huna macho?"

Nilimpokonya brashi, nikaitupa, nikachukua kanga yangu ya begani, nikaichovya kwenye petroli tuliyokuja nayo, nikaanza kufuta. Bluu ilikuwa bado mbichi. Ikawa inatoka, inanitiririka mpaka kwenye viwiko, na chini yake kijivu kikarudi. Nilifuta nikiwa nimepiga magoti kwenye matope ya maji ya kuoshea. Pale chini ya dirisha, brashi haikuwa imefika. Nilipaangalia mara nyingi. Haikuwa imefika.

Nilipoinuka uwanja mzima ulikuwa unanitazama. Mjane amesimama mlangoni kwake, amejifunga kitenge kipya. Nyuma yake akina mama wa kwaya, nao wamependeza, maana walikuwa wameitwa kufanya mazoezi ya kuliaga gari. Na yule kijana ameinamisha kichwa. Alikuwa ni mkwe. Mume wa binti wa mjane, mtu ambaye mama mkwe wake hata jina lake halitamki ovyo, anayepewa kiti kabla ya wote, na mimi nilikuwa nimemfokea kama mbwa aliyeiba nyama, mbele ya mama mkwe mwenyewe.

"Nyie watu wa mjini," mjane akasema taratibu, "mnatutakia nini?"

Kwa kosa la ukweni haikufaa nimjibu mimi mwenyewe; alihitajika mtu wa kati. Nilimtafuta fundi kwa macho. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue maneno yake yakawa na kazi. Akavua kofia, akaenda kwa yule kijana, akasimama pembeni yake bila kumkazia macho, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Shemeji, huyu mayu hajakukasirikia wewe. Huyu ana mapenzi na gari. Mimi mwenyewe ananitukana kila siku, na mimi ndiyo fundi wake." Mama mmoja wa kwaya akacheka, akajiziba mdomo. Nikasogea, nikapiga goti pale kwenye matope, nikamwomba msamaha mkwe, kisha nikamwomba mama mkwe kwa kumkosea mkwe wake. Kwa kweli niliomba msamaha kwa kufoka. Kwa kufuta, sikuomba.

Kijana aliiangalia mikono yangu ya bluu. "Sista, umenidhalilisha sana," akasema. "Ila umechafuka kuliko mimi." Akanipa kitambaa nijifute.

Ndipo nikamwambia mjane ukweli wote, nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake. Nikamwambia kwamba sitaki gari zuri. Nataka lile la mume wake. Nikamshika mkono nikaupeleka pale chini ya dirisha penye bati tupu, nikamwambia, "Mama, hapa pakipakwa rangi, yeye ameondoka."

Mkono wake ukapapasa lile bati. Halafu akauondoa.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini na wewe nisikie. Gari hili lilipokuja hapa liliingia likitembea, na yeye akiwa ndani amevaa shati jeupe. Majirani wote waliona. Sasa litoke chafu, limebebwa juu ya lori, limefungwa kamba kama mgonjwa? Watasema nimemuuza mume wangu kwa watu wa vyuma. Hapana. Kama hutaki lipakwe, basi litoke kwenye lango lile likitembea lenyewe. Lisipotembea, mkwe wangu anaendelea na kazi yake, na wewe unalichukua likiwa limependeza."

Akina mama wa kwaya wakaitikia, "Ndiyo." Mkwe akaokota brashi yake, akaifuta vumbi, akaiweka juu ya kopo, tayari. Lango lenyewe lilikuwa nguzo mbili mwishoni mwa uwanja, na uwanja uliteremka kidogo kulielekea.

Fundi akafungua boneti. Panya walikuwa wamehamia kwenye kichujio cha hewa wakajenga kabisa. Mafuta ya zamani kwenye kabureta yalikuwa yamegeuka lami. Tukatoa plagi, tukamimina oili kwenye silinda, tukaiacha inywe huku sisi tukisafisha vingine. Nilisugua pointi za distributa kwa msasa mpaka zikang'aa. Fundi akafungua kabureta juu ya mkeka wa mjane, akaisafisha kwa petroli na unyoya wa kuku, maana unyoya ndio uliopita kwenye tundu. Mkwe akajaza upepo kwenye matairi kwa pampu ya baiskeli, na jasho lake lilinipa aibu mpya. Jua lilipopita utosini tukatia hendeli, na fundi akaegemea kwa uzito wake wote. Haikwenda. Akaegemea tena, akitukana kwa Kisukuma. Kitu ndani kikasema *krrr*, kikazunguka.

"Mayu," akasema, na safari hii hakuongeza neno.

Lakini klachi ilikuwa imegandana. Ukikanyaga, hakuna kinachoachana na kingine. Maana yake ni kwamba gari lingeweza kusukumwa likiwa kwenye gia, na injini ikiwaka, gari linakwenda hapohapo na halisimami mpaka injini izimwe. Na betri yetu, tulipoiunga, ilitoa cheche kwa plagi lakini stata haikutaka hata kusalimia. Nikaeleza hivyo. Mjane akafikiri, akasema kusukuma ndani ya uwanja ni sawa, hata yeye katekista alisukumwa mara nyingi. Lakini nje ya lango, hakuna mtu kuligusa.

Nikaingia kwenye kiti cha dereva, nikatia gia ya pili. Kwaya ikajipanga nyuma, vitenge vimekazwa viunoni. Mkwe ndiye aliyewapanga, na ndiye aliyepiga hesabu ya kusukuma. Gari likasogea, injini ikazungushwa, ikapiga chafya, moshi mweusi ukawapaka akina mama usoni, ikanyamaza. Nikatoa gia, tukalirudisha juu. Tukajaribu tena. Ikapiga chafya mbili, ikanyamaza karibu kabisa na lango. Nikakanyaga breki mpaka nikasimama juu yake, na pua ya Landrova ikabaki hatua chache kutoka kwenye nguzo. Nililiona lile kopo la rangi kwenye kioo cha pembeni. Nilitamani kulipiga teke.

Fundi akarudi kwenye injini, akazungusha distributa kidogo kwa kidole, akasikiliza kama kuna mtu anaongea naye mle ndani, akaikaza. Tukalirudisha gari mpaka juu kabisa, nyuma ikabaki nafasi ya wasukumaji tu kabla ya ukuta wa jiko.

Hapo mjane akaja upande wa pili, akafungua mlango, akapanda. Akatandika ncha ya kitenge chake kwenye kile kiti kilichochanika, akakaa wima, akaangalia mbele.

"Mama, breki si nzuri," nikamwambia. "Na ikiwaka sitaweza kusimama kukushusha."

"Nani kakuomba unishushe?"

Mkwe akapiga kelele, kwaya ikasukuma huku ikiimba, na wimbo ukawa unakatika kila wanapovuta pumzi. Gari likachukua mteremko. Nikakanyaga mafuta. Injini ikapiga chafya, ikakohoa, ikatapika kiota cha panya kilichobaki kwenye ekzosi, kisha ikashika. Ikashika! Landrova ikaruka mbele kama imechomwa sindano, mikono ya akina mama ikaachwa hewani, kuku wakatawanyika, na nguzo za lango zikapita kushoto na kulia kabla sijajua kama nilikuwa nimelenga katikati. Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Fundi alikuwa anakimbia nyuma yetu ameshika kofia, anacheka na kulia, mkwe anaruka na brashi mkononi, kwaya yote iko barabarani. Lilikuwa langu, lilikuwa linatembea, na ngozi yake ilikuwa palepale.

Baadaye niliona kwamba chini kabisa ya mlango, kwenye ukingo wa ndani, kuna mstari wa bluu ambao petroli yangu haikuufikia. Nimeuacha. Mkwe akija Mpanda huwa anainama kuukagua.

Lakini siku ile sikuwa naangalia bluu. Nilikuwa naangalia barabara, gia ya pili, bila klachi, breki za kuombea dua, na kiwiko changu kimeenda chenyewe chini ya dirisha. Mjane alikuwa bado amekaa wima. Tukapita shule, tukapita mashine ya kusaga. Watu walikuwa wanasimama. Mzee mmoja aliyekuwa anaendesha baiskeli akashuka, akavua kofia. Wanawake waliokuwa kisimani wakaacha ndoo zao. Nilifikiri wanashangaa moshi.

Halafu mama mmoja, mtu mzima kama mjane, akatua beseni lake chini, akakimbilia ukingoni mwa barabara akiwa ameinua mikono yote miwili.

"Katekista!" akaita. "Katekista amerudi!"

Mjane akasukuma kioo pembeni. Kilikuwa kimekwama, akakisukuma kwa viganja viwili mpaka kikafunguka, akatoa kichwa nje, upepo ukamvua kilemba chake.

"Si yeye!" akajibu kwa sauti iliyoshinda injini, huku machozi yanamtoka na anacheka. "Ni mimi! Leo ni mimi!"